Status za Sitati

Truphosa ni fundi wa nguo huko Kiamunyi. Kila asubuhi hufungua duka, hufagia, kisha hushika simu. Unadhani anatafuta wateja? Wapi! Anamtafuta Sitati, mpenzi wake waliyeachana tangu Aprili.

Siku hiyo Sitati alikuwa ameweka picha kwenye status ya WhatsApp. Yuko Molo na msichana, wanacheka. Msichana amevaa koti la Sitati.

"Koti hilo nilishona mimi!" Truphosa alifoka peke yake. Akaikuza picha. Akachunguza viatu vya msichana, kucha, hata meno.

Mara akasikia harufu ya kuungua. Pasi! Alikuwa ameiacha juu ya gauni la Jerotich, bibi harusi wa Jumamosi.

"Woi! Nimekwisha!"

Mama Nasir, jirani anayetengeneza simu, alikuja mbio. Akaona gauni, akaona picha.

"Ni yeye tena?"

"Mimi hakuwahi kunipeleka Molo, Mama Nasir. Hata siku moja!"

"Siku wakigombana, hawataweka picha uione. Na kila ukifungua status, Sitati anaona jina lako. Anajua bado unaumia."

Truphosa aliona haya. "Nitoke WhatsApp basi? Wateja wangu wote wako huko."

"Usitoke. Kwenye status, bonyeza jina lake, ushikilie. Chagua kunyamazisha. Hazitakujia tena mbele ya macho. Ukishikwa na hamu ya kuzitafuta, niite."

Truphosa alimpigia Jerotich simu, akamwambia ukweli. Jerotich alikasirika, lakini akakubali kushonewa lingine. Truphosa akakata kitambaa kingine, akashona siku mbili mfululizo. Gauni likawa tayari Ijumaa.

Wiki ya kwanza alimwita Mama Nasir hata mara tano kwa siku. Wivu ulimchoma kwelikweli. Mama Nasir alikuja na chai, wakaongea mpaka hamu ikapita. Wiki ya tatu alimwita mara moja tu.

Siku moja akimpima mteja, simu ililia. Ni ujumbe wa Sitati.

"Sasa? Mbona siku hizi hutazami status zangu?"

Kumbe naye alikuwa akikagua majina! Kumbe zile picha alikuwa akiwekewa yeye! Truphosa alicheka mpaka mteja akageuka.

"Ni nani huyo?"

"Mtu tuliyeachana," alisema Truphosa. Akafuta ule ujumbe. "Simama wima, mama, nipime mabega."