Kamati ya Kumtafuta Kiporo

Kaeni vizuri. Kunjeni miguu. Fungeni midomo. Aa, iacheni wazi kidogo, maana mtacheka.

Tusekile alikuwa msichana mdogo wa Tukuyu, kule kwenye migomba na mvua. Alikuwa na mbwa. Mbwa aliitwa Kiporo, kwa sababu alikula kila kilichobaki. Na wakati mwingine kisichobaki.

Siku moja Kiporo hakuonekana.

"Kiporo! Kiporo! Uko wapi, Kiporo?"

Akachungulia nyuma ya nyumba. Hayupo.

Mawingu meusi yakaja. Ngurrrr! Kiporo alikuwa anaogopa ngurumo kuliko fimbo.

"Lazima nimpate kabla ya mvua," alisema Tusekile.

Akakimbia, chapa chapa chapa, hadi kwa Mzee Mwaipopo, balozi wa nyumba kumi.

"Shikamoo, Babu Balozi. Kiporo amepotea!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbwa kapotea? Jambo zito hili. Tuunde kamati!"

Kamati ikaundwa. Balozi akawa mwenyekiti. Jirani yao, Mama Subilaga, akawa katibu. Mwalimu Kabuje, mstaafu, akafanywa makamu mwenyekiti, ili asinune.

Wakakaa barazani kwa Balozi. Chai ikaja. Maandazi yakaja.

"Babu, twende tukamtafute?"

"Tulia, mtoto. Kikao kinaendelea!"

Balozi akasimama. Akakohoa. "Ndugu wajumbe, itifaki imezingatiwa. Kwanza tujiulize: mbwa ni nini?"

Wakajadili mbwa ni nini. Wakala maandazi. Wakajadili tena.

"Wiu! Wiu!" Sauti ikatoka stoo, nyuma ya mgongo wa Balozi.

"Nani anatupigia kelele?" aliuliza Mama Subilaga.

"Ni mbwa," alisema Mwalimu Kabuje.

"Basi anyamaze!" Balozi alifoka. "Sisi hapa tunatafuta mbwa!"

Tusekile akaruka juu. "Babu, ndiye huyo!"

"Tulia, mtoto. Kikao kinaendelea!"

Ngurrrr! "Wiu! Wiu! Wiu!"

Tusekile hakutulia ng'o! Akakimbilia stoo. Komeo lilikuwa juu. Akapanda ndoo. Akasukuma, akasukuma. Kwaa!

Puuu! Kiporo akatoka, mweupe kwa unga hadi masikioni. Asubuhi aliingia kumfukuza panya. Na nani alifunga mlango? Balozi mwenyewe, bila kuchungulia ndani!

"Kiporo wangu!" Tusekile akamkumbatia. Kiporo akamlamba pua, shavu, na pua tena.

"Amepatikana!" alitangaza Balozi. "Hongera, kamati! Tumefanya kazi usiku na mchana!"

"Mwenyekiti," alinong'ona Mwalimu Kabuje, "hata chai haijapoa."

Mvua ikamwagika. Wote wakakimbilia kwa kina Tusekile. Mama yake akapika wali na maharage. Mama Subilaga akapiga vigelegele, lililililii! Kiporo akavishwa shada la maua, kama mgeni rasmi. Akalila.

Kisha Balozi akasimama. "Nitasema kwa kifupi tu..."

Maskini sisi!

Balozi akasema. Mvua ikasema. Balozi akaishinda mvua. Mwalimu Kabuje akakoroma, khooo. Mama Subilaga akasinzia. Mama naye akasinzia. Tusekile akalala mkekani, mkono shingoni mwa Kiporo.

"...Na kwa hayo machache, asanteni kwa kunisikiliza!"

Nani ampigie makofi? Wote wamelala!

Pa. Pa. Pa.

Ulikuwa mkia wa Kiporo, ukipiga sakafu ndotoni.

Balozi akainama kwa furaha. "Asante, mwanangu. Wewe umenielewa."