Ujumbe wa Anup Asubuhi ya Mwaka Mpya

Mabibi na mabwana, wazee wa Kitui na Makueni, wanafunzi wenzangu mnaosoma chini ya dawati, ketini vizuri. Simulizi hii ni nzito. Ina mapenzi, ina machozi, ina heshima ya ukoo, na imeandikwa kwa utafiti ambao hata mtahini wa taifa hajawahi kuufanya. Inaanza na jogoo.

Jogoo huyo aliingia barazani saa kumi na mbili asubuhi, akaanza kudonoa ua ambalo Wavinya alikuwa amelichora sakafuni kwa unga wa mchele. Siku nyingine angefukuzwa kwa ufagio. Siku hiyo Wavinya alimtazama tu. Alikuwa amevaa sari nyeupe yenye pindo jekundu, simu mkononi, mgongo kwenye fremu ya mlango.

“Wavinya,” mama yake, Kanyiva, aliita kutoka jikoni. “Huyo jogoo anakula mwaka mpya wako.”

“Mwache ale, mwaitu.”

Ilikuwa tarehe kumi na nne Aprili, mwaka mpya wa Wabengali. Ukishangaa Wabengali wametokea wapi hapa Kwa Vonza, jibu ni moja tu, Anup. Alikuja kutoka Khulna, Bangladesh, kufundisha mitambo chuoni, akapeleka suruali ipunguzwe kwa fundi cherehani mmoja sokoni, na kwa muda wa miezi minne akawa na suruali nyingi za kupunguzwa. Fundi huyo alikuwa Wavinya. Walioana.

Kila mwaka, jioni ya kuamkia sikukuu, Anup alichukua wali uliopikwa akauloweka kwenye maji hadi asubuhi. Aliuita panta. Waliula baridi, kwa chumvi, kitunguu, pilipili mbichi na samaki wa kukaanga. Mwaka wa kwanza baba yake Wavinya, Mzee Munyao, ambaye ni mzee wa kanisa, aliuombea wali huo kwa dakika kumi, na haikuwa sala ya shukrani. Aliomba ulinzi. Mwaka wa tatu aliomba aongezewe.

Kisha Anup akaugua ini, akafa. Ilipofika Aprili iliyofuata hakuna aliyetamka neno sikukuu, lakini jioni ile Wavinya alimkuta mama yake amepika wali wa watu kumi kwa nyumba ya watu wanne. Wakauloweka, wakaendelea.

Mwaka huu ulikuwa wa pili bila yeye, na kulikuwa na mgeni. Musyimi, mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo kule Kathonzweni, alikuwa rafiki wa Anup, na mmoja wa wanaume sita waliobeba jeneza lake. Mwezi wa kwanza alimwomba Wavinya wafunge ndoa. Wavinya alimwambia aje siku ya panta, atamjibu mbele ya familia. Jibu lilikuwa ndiyo. Mama yake alilijua. Hata Ma, mama mzazi wa Anup, alilijua. Wavinya alimpigia Khulna kuomba ruhusa, na Ma alilia kwanza, kisha akamwambia kwa Kiingereza chake cha kuokoteza avae pindo jekundu, nyeupe tupu ni ya wajane wazee kama yeye, na huyo mwanamume aketishwe mkekani pale alipokuwa akikaa Anup.

Yote yalikuwa tayari. Ndipo saa kumi na moja na nusu alfajiri simu ya Wavinya ilipotetemeka. Juu ya ujumbe palikuwa na jina la Anup.

“Shubho noboborsho, Wavi. Panta iko tayari?”

Heri ya mwaka mpya kwa Kibengali, maneno hayohayo. Anup alikuwa akimtumia kila mwaka saa ileile, hata akiwa amelala kando yake kitandani, kisha akianza kucheka chini ya blanketi. Wavinya alipiga namba hiyo. Haikupatikana.

Katika nyumba hiyo alikuwamo pia mdogo wake Wavinya, Kalunde, msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa likizoni kutoka bweni, mwenye adabu, akili na sura ya kupendeza. Asubuhi hiyo alikuwa jikoni akikata vitunguu kwa bidii iliyomshangaza mama yake.

Musyimi alifika saa mbili. Alikuwa amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani, amebeba samaki wawili wa Masinga ndani ya karatasi. Alimsalimu Mzee Munyao kwa mikono miwili, akavua viatu, akazunguka ua kwa uangalifu asilikanyage. Wavinya hakumkaribisha mkekani.

“Desemba nilikupa simu ya Anup uipeleke kwa fundi kule Wote, atoe picha,” alisema. “Ilirudi bila laini.”

“Nilikuambia wakati ule. Haikuwa na laini nilipoipokea.”

“Na ule ujumbe wake wa kila mwaka, nilikusimulia wewe peke yako.”

“Ni kweli. Kwani kuna nini?”

Alimpa simu. Musyimi alisoma, akasoma tena. Mzee Munyao akauliza kumetokea nini.

“Ulitaka kujua kama bado namlilia,” Wavinya alisema. “Kabla hujanioa ukaamua unipime.”

“Wavinya, mimi nilimbeba huyu mtu.”

“Basi ungemwacha alale.”

Musyimi angeweza kuapa, na Kanyiva alimsihi aape, aseme lolote. Yeye aliwaweka samaki juu ya meza, akampa Mzee Munyao pole kana kwamba amefika kwenye matanga, akavaa viatu bila kufunga kamba. Wakamsikia akifungua geti, kisha akilifunga taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

Wavinya aliketi mkekani na sari yake. Kanyiva alianza kumwambia kwamba mtu mwenye hila habebi samaki kutoka Masinga, lakini hakumaliza, kwa sababu simu ilitetemeka tena. Anup, kwa mara ya pili.

“Usimlaumu Musyimi. Hana kosa.”

Hapo kilifanyika kitu ambacho mtu yeyote mwenye akili angekiona kinakuja. Wavinya hakufikiri hata kidogo. Alibonyeza jina, akapiga. Na simu ikalia jikoni, nyuma ya gunia la mahindi, mkononi mwa Kalunde.

Sawa. Mkononi mwangu.

Nilikuwa nimeiwasha kurekebisha mambo. Niliona uongo mmoja umeharibu, nikadhani wa pili utatengeneza. Wavinya aliingia, akanikuta nimesimama na simu inayolia, sijui hata kuizima.

“Tangu lini?” aliuliza.

Nilimwambia laini niliitoa Desemba, kabla simu haijaenda Wote. Nilimwambia nimekuwa nikiiwekea kredo kidogo isifungwe. Kuhusu ujumbe, nilikuwa nikisoma simu yake tangu nikiwa darasa la sita, hilo nalo nilimwambia. Nilieleza kwamba ulikuwa mzaha, kisha nikaeleza kwamba haukuwa mzaha, kwamba niliogopa Musyimi akikaa pale mkekani hakuna atakayemtaja Anup tena, na nilitaka aamke akute salamu kama zamani. Hakunipiga kofi. Ningependelea kofi.

“Kuna dakika tatu, Kalunde,” alisema. “Kabla sijaanza kufikiri. Dakika tatu alikuwa hai. Unajua ulinipa nini? Na unajua nilimfanya nini mtu mwingine kwa sababu ilibidi nizirudishe?”

Alimpigia Musyimi. Alikuwa bado stejini akingoja gari. Alimweleza yote, akaomba msamaha, na mimi niliposema nizungumze naye alinipa mgongo. Jikoni palikuwa kimya, tulimsikia vizuri.

“Nimekusamehe. Na huyo mtoto pia mwambie nimemsamehe,” Musyimi alisema. “Lakini uliniangalia, Wavinya. Uliniangalia ukaona ni mtu anayeweza kufanya hivyo. Siwezi kukaa mahali pa Anup nikingoja uniangalie hivyo tena.”

“Rudi tule tu. Wali upo.”

“Gari limejaa. Kaeni salama.”

Saa tatu Ma alipiga kwa video kama kila mwaka. Uso wake ulijaa kioo, sari nyeupe tupu kichwani. Alimtakia Wavinya mwaka mwema, akasifu pindo jekundu, akauliza yuko wapi mgeni, anataka kumwona. Wavinya aligeuza simu kwangu.

“Mwambie,” alisema. “Kwa Kiingereza chako cha bweni. Kila kitu.”

Nilimwambia. Nilitumia maneno mepesi ili asipotee, na kwa sababu yalikuwa mepesi hayakuwa na mahali pa kujificha. Nilisema ni mimi niliyeandika kama mwanawe. Nilisema mgeni ameondoka na hatarudi, na kosa si lake wala la Wavinya. Nilingoja anilaani kwa Kibengali, ili angalau nisielewe.

Ma akaniuliza kama laini ya Anup bado inafanya kazi, na kama akiipiga sasa itapokelewa.

Nikamwambia ndiyo, Ma, itapokelewa. Lakini yeye hayupo. Ni mimi tu.