Mbweha Aliyezoea Sahani

Jamani wenzangu, kisa hiki kilitokea Stechford, mtaa wa Birmingham kule Uingereza, mwaka sabini na nne, na ninakieleza kwa shukrani, maana kingeweza kuishia matangani.

Nyumba ya Bi Shemsa ilikuwa nyumba ya raha. Mumewe, Idarous, alikuwa na kazi yake kiwandani Tyseley. Mtoto wao, Nunu, wa miezi tisa, alikuwa anaanza kutambaa, na bustani ya nyuma, ingawa ndogo, ilipata jua zuri mwezi wa tano. Bi Shemsa alikuwa mtu wa Unguja, aliyelelewa kujua kwamba chakula ni neema, na neema haitupwi pipani. Kwao makombo huwekwa nje ya mlango wa jiko, paka wakala wakaenda zao. Basi hata Birmingham, kila adhuhuri, aliweka sahani ya wali na vichwa vya samaki.

Lakini aliyekuja hakuwa paka. Alikuwa mbweha mwekundu, mwenye mkia mnene, aliyepenya penye ubao uliovunjika wa uzio. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bi Shemsa siku ya tatu alimwongezea mchuzi! Baada ya mwezi mnyama alikuwa akila huku mwenyeji wake amesimama hatua mbili tu, naye Bi Shemsa akajiona amepata thawabu na rafiki kwa pamoja.

Jirani yake, Bi Paramjit, Singasinga aliyehamia kutoka Nairobi, akamwita juu ya uzio.

"Dada Shemsa, mimi nasema na wewe kama ndugu. Huyu nyama kama napita, wacha apite. Lakini wewe napa yeye chakula kila siku, yeye nasahau kuogopa. Na hapa iko mtoto."

"Mnyama hana dhambi, dada yangu. Anakula riziki yake," akajibu Bi Shemsa. Moyoni akasema: huyu ana roho mbaya, hataki hata mnyama ashibe. Tangu siku ile salamu zikapungua. Msomaji, usimcheke. Nani kati yetu hajawahi kudhani onyo ni husuda?

Alhamisi moja Bi Shemsa alitandika busati juani, akamkalisha Nunu na kipande cha mkate wa siagi mkononi. Mara akasikia harufu ya wali unaoungua, akakimbilia jikoni. Siku hiyo hakuwa ameweka sahani. Mbweha akaja kwa wakati wake, akatazama mlangoni, hakukuta kitu. Akamgeukia mwenye mkate.

Bi Shemsa alisikia kilio, kisha kishindo cha bati. Alipotoka alimkuta mbweha ameuma mkono wa sweta ya Nunu, anavuta, na Bi Paramjit, mwanamke mnene wa miaka hamsini, ameshavuka uzio, anagonga kifuniko cha pipa kwa mti wa kusukumia chapati.

"Toka! Toka wewe!"

Hakumpa mnyama mgongo. Alitanua mikono, akasonga mbele huku akipiga bati, mpaka mbweha akaachia sweta, akanyakua mkate na kutokomea.

Nunu alikuwa na mikwaruzo miwili tu. Bi Shemsa alimkumbatia mtoto, akamkumbatia na jirani, akalia kama aliyefiwa.

"Nisamehe, dada. Nilikudhania vibaya."

"Wacha hiyo maneno. Osha yeye na sabuni, halafu twende kwa daktari."

Idarous aliporudi alitaka kutega sumu. "Usimuue," mkewe akamwambia. "Kosa si lake. Mimi ndiye niliyemwalika."

Wakapigilia ubao, wakafunga pipa kwa kamba. Wali ukapikwa kwa kipimo, na uliobaki ukavuka uzio kwenda kwa Bi Paramjit. Mbweha alirudi siku tatu nne, akagongewa bati, kisha akashika njia yake ya mbali. Mpaka leo hupita mtaani, na hapana aliyemdhuru mwenziwe.

FUNZO

Mnyama wa porini mwachie woga wake, kwani ndio unaomlinda yeye na wewe. Usimlishe, usimtese, funika taka zako, na mtoto mdogo usimwache nje peke yake hata kwa dakika moja. Na jirani akikuonya, usianze kuupima moyo wake. Tazama kwanza anachokuonyesha. Nunu sasa anakwenda skuli, na mama yake kila akimaliza kuswali humwombea Bi Paramjit. Husema, "Mimi nilimzaa mara moja. Mara ya pili nilipewa na jirani."