Yunis Alivyomlia Issa

— Rubeni, mchumba wako leo amepandwa na nini? Sefania alimwuliza rafiki yake huku akimpiga kiwiko.

Katikati ya uwanja wa Lushoto, mbele ya wageni wa Sabasaba, Yunis alikuwa akicheza ngoma ya mdumange kama mtu anayegombana na ardhi. Miguu yenye njuga ilikita, ikanyamaza, ikakita tena. Kisha mpiga ngoma mpya akaingiza lile pigo la mwisho, pigo lililokuwa la marehemu Issa, mpigaji wao wa zamani. Yunis akasimama ghafla, akaigeukia ngoma, akanyoosha mikono kama anayemwita mtu arudi. Machozi yakamtiririka. Hakuyafuta. Akaendelea kucheza.

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele.

— Binti anaijua ngoma huyu! alisema mgeni mmoja. Tazama, analia kabisa!

Rubeni peke yake hakupiga makofi. Alikuwa fundi seremala wa kijiji chao cha Ujamaa kule Mlola, na harusi yao ilikuwa imeshatangazwa kanisani. Yunis alimheshimu, alicheka alipochekeshwa, lakini uso ule hakuwahi kumwonyesha. Akamkumbuka Issa, aliyekufa masika ya mwaka ule lori lilipopinduka kwenye kona za kushukia Mombo. Kijiji kizima kilimlia. Yunis hakutoa hata chozi.

Ngoma ilipokwisha, Rubeni alimkuta Yunis nyuma ya uwanja, amekaa kwenye nyasi, anafungua njuga.

— Pole, Yunis.

— Pole ya nini? Wamesema tumecheza vizuri.

— Pole kwa msiba.

Vidole vya Yunis vikakwama kwenye kamba.

— Nani kakwambia?

— Wewe mwenyewe. Umewaambia wote waliokuwa pale, ila wao wamedhani ni mchezo.

Yunis akainamisha kichwa.

— Sijakukosea, Rubeni. Posa yako ilipokuja, Issa alikuwa ameshazikwa. Baba aliponiuliza, nikasema ndiyo. Siku zile ningemkubali yeyote.

Neno hilo lilimchoma Rubeni, lakini alilimeza.

— Mbona hukulia msibani?

— Ningelia kama nani? Baba yangu mzee wa kanisa, Issa mtoto wa Kiislamu. Nilikaa na wanawake wa jirani, nikamenya viazi. Wenzangu wanalia, mimi namenya. Niliogopa nikianza sitanyamaza.

Rubeni alitaka kuuliza, "Na mimi je?" Badala yake akauliza:

— Mama yake anajua?

— Hajui mtu.

— Basi inuka, twende.

Waliporudi Mlola jua lilikuwa bado halijazama. Hawakupita kwa kina Yunis. Rubeni alimpeleka moja kwa moja kwa Bi Mwajuma, mama yake Issa, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Karibuni. Kwema?

— Si kwema sana, mama. Tusamehe tumechelewa. Nimekuletea mfiwa.

Bi Mwajuma alimtazama Yunis, akamtazama tena. Ungo ukamponyoka.

— Kumbe ni wewe? Alikuwa akitoka hapa anaimba. Nikimwuliza, "Unakwenda kwa nani?" anacheka tu. Njoo, mwanangu. Njoo.

Yunis akapiga magoti, akaangua kilio. Kilio cha msibani hasa, cha kumtaja mtu kwa jina lake. Bi Mwajuma akamkumbatia, akamwingiza ndani, naye akaanza kulia upya.

Rubeni alibaki uani. Majirani wakaja mbio.

— Kuna nini tena humu?

— Wanamlia Issa.

— Na huyo binti? Mwajuma anamlia mwanawe, ila huyo... si mchumba wako huyo?

Rubeni alisikiliza sauti ya Yunis ikitoka ndani, imepasuka, haijifichi tena.

— Ni mchumba wa Issa, alisema.

Kisha akavaa kofia yake, akashika njia ya kupanda kwa baba yake Yunis, ili mzee ayasikie kwake kwanza, asije akayasikia kwa watu.