Gauni la Njano Juu ya Tangazo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kifungo alikuwa na kazi moja ambayo hakukubali kunyang'anywa na mtu. Alichukua gauni la njano, akalikung'uta, kisha akalitundika kwenye msumari uliokuwa kando ya mlango wa mbele. Gauni lile halikuwa la kuuzwa. Kazi yake ilikuwa kuwaambia wapita njia kwamba ndani ya nyumba ile yumo fundi cherehani anayeijua kazi yake. Fundi huyo alikuwa mama yake. Yeye ndiye aliyempa binti yake jina la Kifungo, kwa sababu tangu alipoanza kutambaa, kila kifungo kilichopotea nyumbani kilipatikana kiganjani mwake, na siku mbaya zaidi, mdomoni.

Kwa miaka mingi mama alishona katika karakana ya mtu mwingine, upande wa pili wa mji. Aliondoka Kifungo akiwa amelala na kurudi akimkuta anasinzia juu ya vitabu. Kazi zake mwenyewe alizishona Jumapili. Kwa hiyo mama aliposema ameacha kazi ile na atafungua duka la ushonaji katika chumba chao cha mbele, Kifungo aliruka kwa furaha mpaka akagonga kiwiko kwenye kabati, na hata maumivu hakuyasikia.

Lakini duka halifunguliwi kwa kufungua mlango tu. Alikuja afisa wa mipango miji, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Mipango, akapima chumba kwa utepe wake na kueleza mambo taratibu. Nyumba yao iliandikishwa kuwa ya makazi, yaani ya watu kuishi. Kushona nguo moja moja Jumapili hakukuwa na tatizo. Cherehani tatu za umeme, mashine ya ovaloki ya kumalizia kingo za nguo, mafundi wawili na wateja wa kuingia na kutoka, hiyo ilikuwa biashara. Ili kubadilisha matumizi ya nyumba, mama alihitaji kibali, na kabla ya kibali tangazo lilipaswa kubandikwa mbele ya nyumba kwa wiki tatu, ili jirani mwenye la kusema aende ofisini akaliseme.

"Na jirani akikataa?" Kifungo aliuliza.

"Nyumba ni ya mama yako," alisema Bwana Mipango, "lakini kelele haziishii kwenye ukuta wake. Jirani tunamsikiliza. Anaweza hata kuzuia kibali, kama ana sababu."

Kifungo aliyasikia yale maneno ya mwisho tu. Aliona mama akirudi tena kule karakanani, na yeye akirudi kusinzia peke yake. Bwana Mipango alilisogeza gauni la njano, akabandika tangazo pale pale chini ya msumari, kwa kuwa hapo ndipo macho ya mpita njia yalipofika.

Upande mmoja wa nyumba yao palikuwa na kiwanja kitupu. Upande wa pili aliishi nesi, na ukuta wa chumba chake cha kulala ndio uliokuwa ukuta wa duka. Nesi alifanya kazi usiku hospitalini na kulala mchana. Hakuwa mgeni kwao. Mama alimshonea na kumrekebishia sare bila malipo, na yeye ndiye aliyewahi kumchomolea Kifungo kifungo puani, huku akimchekesha ili asilie. Mama hakutaka kumweleza habari za duka mapema. Alisema ni vizuri asome tangazo mwenyewe, asije akaona haya na kukubali kwa sababu ya zile sare.

Asubuhi iliyofuata, Kifungo alilitundika gauni kwenye msumari ule ule wa siku zote. Lilishuka vizuri na kulifunika tangazo lote. Nani angeshangaa? Mama mwenyewe alipita mlango wa nyuma, maana chumba cha mbele kilikuwa kinapakwa rangi. Nesi aliporudi kutoka kazini aliliona gauni, akalisifu, akaingia kwake kulala. Jioni Kifungo alisubiri nesi apite kwenda kazini, ndipo akalitoa. Alifanya hivyo wiki zote tatu. Kila nesi alipoitikia shikamoo yake, Kifungo alitazama viatu vyake mwenyewe.

Kibali kilitoka. Mashine zikaingia, zikapangwa kwenye ukuta wa upande wa nesi kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na soketi. Mama sasa alikuwa nyumbani kutwa, akimkagulia Kifungo madaftari huku sindano ipo mdomoni. Kifungo alipata alichokitaka, lakini hakikumpa raha. Kila ovaloki iliponguruma, moyo wake ulikwenda upande wa pili wa ukuta.

Nesi alianza kupita bila kusimama. Salamu zikawa fupi, halafu zikaisha. Siku moja mama alimwona amevaa sare iliyorekebishwa na fundi mwingine, na hilo lilimchoma kuliko matusi. Alilalamika kwamba tangazo lilikaa nje wiki tatu nzima, kwamba nesi alikuwa na nafasi ya kusema na hakusema, na sasa ananuna. Kifungo aliinamia daftari lake, na masikio yake yakawaka moto.

Kwenye kabati ilibaki sare moja ya nesi. Mama alimtuma Kifungo airudishe. Nesi alifungua mlango macho yakiwa mekundu. Ndani, vyombo vyake vilikuwa vimepangwa kwenye maboksi.

"Mwambie mama yako sina ugomvi naye," alisema. "Nahama mwisho wa mwezi. Silali, mwanangu. Juzi nilichukua chupa ya dawa isiyo yenyewe, nikawa karibu kumpa mtoto wodini. Mwenzangu ndiye aliyenishika mkono." Aliipokea sare. "Lakini angeniambia. Miaka yote hii, hakuona hata neno moja la kuniambia?"

Kifungo alitembea zile hatua chache za kurudi nyumbani kama anayepanda mlima. Mama alikuwa kwenye ovaloki. Kifungo alikwenda moja kwa moja kwenye soketi, akaizima.

"Hakuliona tangazo," alisema. "Nililifunika kwa gauni. Kila siku. Niliogopa utarudi karakanani."

Mama aliinuka kutoka kwenye mashine. Hakugomba, na Kifungo alitamani angegomba. Aliwaambia mafundi wawili waende nyumbani, akamshika binti yake mkono, wakasimama mbele ya mlango wa nesi.

"Sema wewe," mama alimwambia. "Uliyenyamazisha watu ni wewe."

Kifungo alisema yote, kwa machozi na kamasi. Nesi aliketi juu ya boksi, akamtazama mama, mama naye akamtazama, na kila mmoja aliona alivyomdhania mwenzake vibaya bure. Siku ile ile walikwenda ofisini. Bwana Mipango alisimamisha kibali, kwa kuwa kilitolewa bila jirani kujua, na tangazo likabandikwa upya kwa wiki tatu nyingine. Mashine zilifunikwa mashuka. Oda ya sare za shule nzima ilikwenda kwa fundi mwingine. Kifungo alimwona mama akikunja kile kitambaa cha sare na kukirudisha kwa wenyewe, na hapo ndipo alipolia kuliko siku zote.

Safari hii nesi, aliyeahirisha kuhama, alikwenda ofisini kusema lake. Hakuwa na pingamizi. Aliomba mashine zihamishiwe ukuta wa upande wa kiwanja kitupu, na ovaloki isiwashwe kabla ya alasiri. Bwana Mipango aliyaandika hayo kuwa masharti ya kibali kipya. Fundi wa umeme alihamisha soketi kwa nusu siku.

Duka lilipofunguliwa tena, mteja wa kwanza alikuwa nesi, ameshika sare yake mkononi. Kifungo kimoja cha mbele kilikuwa kimekatika. Alikuwa amelala vya kutosha, macho yake yalikuwa meupe.

"Hiki kishone wewe," alimwambia Kifungo, akakaa karibu yake kumtazama. "Unaona jinsi nilivyokuwa na jambo dogo? Mashine zivuke chumba, basi. Uliniogopa kabla hujanisikia, ukakaribia kunifukuza bila kujua. Sheria ya tangazo haikuwekwa kumzuia mama yako. Iliwekwa ili nami niwe na mdomo."

"Ndiyo, anti," alisema Kifungo. "Nisamehe."

"Nilishakusamehe. Kaza uzi."

Asubuhi iliyofuata Kifungo aling'oa ule msumari wa zamani. Akagongomea mwingine upande wa pili wa mlango, akalitundika gauni la njano mahali ambapo halikufunika kitu.