Kitambaa Juu ya Amplifaya

Evelina alipenda nyumba yake ipendeze. Pale kwake Kirumba kila kitu sebuleni kilivaa kitambaa cha kufuma: makochi, meza, hata mtungi wa maji. Basi mumewe Okech aliponunua amplifaya ya zamani kwa bendi iliyovunjika, Evelina aliivika kitambaa kizuri kuliko vyote, kile alichofumiwa na mama mkwe kule Mara.

"Wenzenu wananunua redio za Dubai, ninyi mnaleta jiko!" jirani Paskazia alimtania.

"Jiko lako linaimba?" Evelina akamjibu.

Kweli ilikuwa nzito, tena ya moto. Ndani yake mlikuwa na taa za kioo zilizokuza sauti. Kanda ya kwaya ikipigwa, wapita njia walisimama kusikiliza, na Evelina akajivuna. Kitambaa nacho kilizuia wadudu wa ziwani, maana jioni waliingia kama wingu na kuufuata mwanga wa zile taa.

Wiki moja kabla ya ubatizo wa mtoto wao Princess, Evelina alikuwa uani akipepeta mchele. Kanda inaimba. Mara akasikia harufu.

"Nani anaunguza nguo na pasi?"

Hakuna aliyekuwa anapiga pasi! Akakimbia ndani. Kitambaa kinafuka moshi, na Princess, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, amenyoosha mkono akivute.

Evelina alimnyakua mtoto. "Tereza! Nakufa, njoo!" Akashika ndoo ya maji.

"Mama Princess, weka ndoo chini!" Jirani yake Tereza aliingia mbio. Huyu alikuwa fundi umeme, kiwanda kilimpunguza kazini, sasa anatengeneza redio barazani kwake. "Maji na umeme? Unataka tukuzike?"

Alizima swichi ya ukutani, akakiondoa kitambaa kwa mwiko wa mbao.

"Taa hizi huchoma kama mkaa. Zinataka hewa juu na pembeni. Ukizifunika, joto lake liende wapi?"

"Si imezimwa?" Evelina akasogeza mkono. "Ngoja nitoe wadudu walioingia ndani."

"Toa mkono! Umeme mkali hubaki ndani hata ukichomoa waya. Kufungua ni kazi ya fundi." Kisha Tereza akainama kwenye soketi. "Na hivi vijiti vya kiberiti?"

Okech alikuwa ndiyo anaingia. Akajikuna kichwa. "Plagi ilivunjika, shemeji. Nikachomeka waya hivyo hivyo, nikazibana kwa vijiti."

"Mwanamume mzima! Leta plagi ya pini tatu. Waya wa ethi usiukate, ndio unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Na unganisha spika kwanza, ndipo uwashe, la sivyo mashine itaungua."

Okech alikwenda dukani akaleta plagi. Tereza aliikagua mashine na soketi, akafunga plagi mpya. Seremala akatengeneza rafu imara, juu asikofika mtoto, yenye wavu wa waya kuzuia wadudu na kupitisha hewa.

Siku ya ubatizo mama mkwe aliwasili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona kitambaa changu sikioni?"

Evelina alikileta, akakikunjua mbele ya watu wote. Katikati palikuwa na tundu jeusi.

"Kimeungua, mama. Nilifunika mashine ya moto." Akaweka kidole kando ya tundu. "Mkono wa mjukuu wako ulikuwa hapa."

Bibi alilitazama lile tundu. Akampakata Princess, akavishika vidole vyake kimoja kimoja.

"Kitambaa nitafuma kingine," alisema. "Haya, washeni tusikie."

Okech alikagua waya za spika, akawasha. Taa zikapata moto taratibu, kisha kwaya ikajaa nyumba mpaka barabarani. Paskazia, akicheza, alivua mtandio wake autupe juu ya rafu.

"Wewe! Toa hapo!" Bibi alimkemea. "Hicho chombo kinapumua! Mkwe wangu hajakufundisha?"

Evelina akacheka, akapokea ule mtandio, akamfunga Paskazia kiunoni.