Kopo Lililobonyea

Kila Jumamosi Jelagat na mama yake, Priscah, waliuza maharagwe katika soko la Eldoret. Walipima kwa gorogoro, yaani kopo la kilo mbili la mafuta ya kupikia, na juu yake waliongeza konzi moja ya bure.

Mwaka wa 1984 mvua haikunyesha. Wakulima wa Moiben, waliowauzia maharagwe, wakapandisha bei ya gunia. "Leo gorogoro ni shilingi kumi na tatu, si kumi," Priscah alimwambia Jelagat, akamwachia biashara, akaenda kutafuta gunia lingine.

Mteja wa kwanza alicheka. "Kumi na tatu? Kwani umetia nyama ndani?" Akaondoka. Wa pili pia akaondoka.

Jelagat aliogopa mama yake angerudi akakuta gunia halijaguswa. Akaokota jiwe, akapiga kitako cha kopo mpaka kikabonyea ndani. Kisha akaita, "Kumi tu! Bei ni ile ile!"

Watu walinunua. Mama Nangila, aliyewapikia vibarua wa kiwandani, alichukua gorogoro kumi kama kawaida.

Saa sita alirudi na gorogoro lake mwenyewe. Priscah naye alikuwa amerudi. Mama Nangila alipima maharagwe yake mbele ya watu. Yalitimia nane na nusu tu.

"Mama Jelagat, nimenunua kwako miaka sita. Vibarua wangu wamekukosea nini?"

Priscah aligeuza kopo, akaona kitako. Hakupiga kelele. Alichukua gorogoro la Mama Nangila, akaongeza maharagwe mpaka yakatimia kumi. "Pole, Mama. Kosa ni letu."

Mama Nangila alipoondoka, Jelagat alilia. "Walikuwa wanatuhama, Mama!"

"Gunia limepanda. Nauli ya lori imepanda. Ushuru wa soko nalipa, na maharagwe yaliyotobolewa na wadudu natupa. Nikiuza kumi, Jumamosi ijayo sina cha kuuza. Hilo nilipaswa kukueleza."

"Lakini wameondoka."

"Waondoke. Mtu akisikia bei, anaamua mwenyewe. Wewe umemnyima kuamua, na pesa yake umechukua."

Jumamosi iliyofuata Jelagat alisimama kando ya mama yake na kopo jipya. Wengi walipita tu. Mwishowe akaja Mama Nangila.

"Bei?"

"Kumi na tatu, Mama. Gunia limepanda."

Mama Nangila aliingiza mkono ndani ya kopo, akapapasa kitako polepole. "Nipimie saba."

Jelagat alipima, akaongeza konzi juu ya kila gorogoro. Mama Nangila alipokwenda, Jelagat alinong'ona, "Amepunguza."

"Amerudi," Priscah akasema. "Bei ikipanda, mtu hununua kidogo. Akiibiwa mara ya pili, harudi tena."